Alhamisi Jiko Linapumzika

Mdogo wangu ndiye aliyenitia wasiwasi. Alipita kwa mwanangu siku moja bila taarifa, akarudi kwake, akanipigia simu, na hata salamu hakunipa.

"Dada, kwa mwanao hakuna friji."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haipo. Mkweo anasema wameitoa. Halafu nimekuta jiko limefunikwa shuka jeupe kama maiti. Nikauliza chai, nikapewa maji."

Nikakaa kitandani. Watu hawanielewi kwa nini jambo kama hilo linaninyima usingizi, kwa hiyo nitaeleza. Mimi nilihesabu shuka za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Nilianza kama kibarua wa kufua, nikamaliza nikiwa msimamizi wa chumba cha kufulia, na wenzangu walinibandika jina la Mama Hesabu. Shuka mia mbili zikiingia, zitoke mia mbili. Zikitoka mia moja tisini na tisa, siku hiyo hakuna anayekwenda nyumbani. Basi mtu akiniambia kitu kimetolewa, swali langu ni moja: kimeingia wapi?

Mwanangu ni mmoja tu. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, nikamlea kwa mikono hii iliyochubuka kwa sabuni. Leo ni msimamizi wa mafundi wa mabomba kwenye mamlaka ya maji, ana mshahara, ana gari la kazi, ana watu wanaomwita bosi. Mtu kama huyo hakosi friji. Akikosa friji, kuna mkono wa mtu, na kwenye nyumba ya wawili, ukimtoa mwanangu anabaki mmoja.

Nilifunga safari Jumatano, na mkoba mmoja na sababu ya uongo. Nilisema goti linaniuma, nataka lionwe kwenye hospitali anayofanya kazi mkwe wangu, maana yeye ni muuguzi wa wodi ya macho. Sababu ya kweli niliifunika moyoni. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikipata ushahidi nitaita kikao cha ukoo, na kikao kikiisha ninaondoka na mjukuu wangu. Ana miaka saba na miguu kama njiti. Kwangu kuna friji, kuna jiko la mafiga manne, kuna televisheni mbili, moja hata haiwashwi.

Mkwe alinipokea mkoba kwa mikono miwili. "Karibu mama. Shikamoo. Pole na safari."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Akanivua viatu, akaniwekea kiti chenye mto, akaniletea maji kwenye gilasi inayong'aa. Sikumpenda. Adabu ya kiasi naielewa, lakini ikizidi mpaka kuvuliwa viatu najua kuna kinachofunikwa. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona pua. Usafi huo nao ukanitia shaka.

Nikaanza ukaguzi. Bafuni kuna beseni kubwa unalosimama ndani yake, na mkwe akaniambia kwa upole kupitia mlangoni, "Mama, maji ya kuoga yasimwagike, tafadhali. Tunayatumia chooni." Haya. Mtu anayesimamia maji ya mji mzima, kwake maji yanafanya kazi mara mbili! Kwenye dirisha kulikuwa na kopo la vipande vya sabuni, vile vyembamba vinavyokatika mkononi, vimeyeyushwa pamoja vikawa sabuni moja ya rangi saba. Jikoni maganda hayatupwi, yanakwenda kwenye pipa uani, na pipa linalisha mchicha. Kila mtu ana sahani moja na kikombe kimoja. Nikafungua kabati la nguo za mjukuu wakati hawapo: magauni manne, yote yana pindo lililoshushwa mara mbili. Nilihesabu alama za pindo.

"Friji iko wapi?" nilimuuliza mwanangu alipotoka kazini, kabla hajakaa.

"Tulimpa mama mmoja, jirani wa kazini kwa mke wangu. Mtoto wake ana kisukari, anahitaji kuhifadhi dawa. Sisi tunapika kinachotosha, mama, hakuna kinacholala."

"Mama mmoja ni nani?"

"Mama mmoja tu, mama."

Nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa anapanga vikombe vinne kana kwamba ni arobaini.

Jioni kabla ya kula walishikana mikono wakasali. Sala yenyewe sijapata kuisikia popote. Walitaja kila kitu kilichotumika siku ile, kimoja kimoja: ndoo tatu za maji, mashina mawili ya mchicha, njiti moja ya kiberiti, kipande cha uzi. Mjukuu wangu ndiye aliyetaja uzi, na mama yake akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilifumbua jicho moja nikawa nawaangalia. Mimi ni mtu wa sala tangu utotoni, na sala yangu huwa naomba. Hawa walikuwa wanatoa taarifa ya matumizi.

"Imani gani hii, mwanangu?" nikamuuliza baadaye tukiwa wawili.

"Ni kuishi tu, mama. Vitu tumepewa tuvitunze, hatukupewa tuvimalize."

"Nani kakwambia?"

Akacheka, akanishika bega. "Mama nawe! Kalale, umechoka."

Nilikwenda kulala nikijua jambo moja: mtu asiyejibu swali, anamficha mwenye jibu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Niliamka mapema nikasubiri chai. Hakuna harufu ya chai. Nikakohoa, maana kikohozi cha mama mkwe huwa kinawasha moto katika nyumba nyingi. Kimya. Nikatoka, nikamkuta mjukuu wangu amepanda juu ya kigoda, mbele ya jiko la gesi, ameshika kitambaa cheupe. Alikitandika juu ya jiko taratibu, akavuta ncha zikae sawa, akaweka viganja viwili juu yake na kusema, "Pumzika, jiko. Umetuhudumia. Kesho Mungu akipenda."

Nywele zilinisimama. Sikujua kwa nini zilinisimama kiasi kile, nikadhani ni hasira.

"Unaongea na nani wewe?"

"Na jiko, bibi. Leo Alhamisi. Alhamisi jiko linapumzika."

"Likifanya kazi litakufa?"

Akafikiri. "Halifi. Ila Mungu anataka lipumzike. Na sisi tunakula vilivyopikwa jana tunamshukuru."

Meza ilikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa jana yake, karanga, ndizi mbivu na maji. Mwanangu alikula kwa furaha kabisa kama mtu aliye karamuni. Mimi nilimeza kiazi baridi kikanikwama hapa, kwenye koo, nikasukuma kwa maji. Nikauliza kwa nini Alhamisi. Siku za ibada nazijua, na zote zina wenyewe, lakini Alhamisi haina mwenyewe. Kundi gani linaabudu Alhamisi? Mwanangu akasema, "Ndivyo ilivyo tu, mama," akaangalia saa. Mkwe wangu alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho kwenye sahani, na mimi nikaona alivyoinamisha. Nimewafumania wezi wengi wa shuka. Wote huangalia chini hivyo hivyo.

Walipokwenda kazini na shule, nikanywa chai kwenye kibanda cha jirani, vikombe viwili, nikarudi na nguvu ya kufanya kazi. Nikalifunua jiko. Nikakipeleka kile kitambaa dirishani penye mwanga.

Hapo ndipo moyo ulipopiga paa! Kilikuwa kipande cha shuka. Pamba nzito ya kusokotwa mara mbili, aina ambayo haiuzwi dukani, imechemshwa na dawa mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Mimi pamba hiyo naijua gizani. Katikati ulipita mshono mrefu. Shuka la hospitali likilika katikati, pale mgonjwa anapolalia, hulitupi. Unalipasua kwa urefu, kingo zisizolika unazileta katikati, unaziunganisha, na shuka linaishi tena miaka minne. Ufundi huo haufanywi na watu wa nje. Na mwisho kabisa nikatafuta ile kona, kona ya chini kushoto, panapopigwa muhuri wa hospitali.

Kona haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, pembe tatu, ikapindwa na kushonwa.

Nikakaa kwenye kigoda. Miaka thelathini na mmoja nimewasaka watu wanaokata kona. Hakuna sababu nyingine ya kukata kona ya shuka duniani. Muuguzi wa wodi ya macho, mwenye adabu ya kuvua watu viatu, anaiba shuka za wagonjwa, kisha analifanya mojawapo vazi la ibada na kumfundisha mtoto kulisalimia! Hata mshono wenyewe ulimshuhudia. Ulikuwa wa mkono, wa mashaka, hapa umebana, pale umelegea, mshono wa mtu aliyeshona akisikiliza mlango. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu kimemla nguoni hasa.

Nikalikunja mara nane nikalitia ndani kabisa ya mkoba wangu. Kisha nikampigia mdogo wangu, na baada ya kumeza mate mara mbili, nikampigia shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu, dereva mstaafu wa malori, na ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi. Sikuwahi kumwomba kitu maishani. Baada ya mazishi alisema atapita kutuangalia, na mimi nikasema hatuna shida, na wote wawili tukashika maneno yetu. Lakini kikao bila mkubwa wa ukoo ni umbea. Nikamwambia, "Shemeji, mtoto wa kaka yako ameingizwa kwenye dini isiyo na jina." Akasema atakuja. Siku aliyopata nafasi ni Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, mwanangu akiwa ameshatoka zamu ya asubuhi.

Wiki ile nilimchunguza mkwe wangu kama daktari. Alitafuta kitambaa chake, nikamwona. Alifungua sanduku la bati la chini ya kitanda, akafunga, akafungua kabati, akasimama katikati ya chumba akifikiri. Kisha akapita mlangoni kwangu, akauona mkoba wangu umekaa pasipo pake, akanitazama, na hakuuliza. Asingeuliza vipi kama moyo wake ni mweupe? Badala yake jioni ile alinikanda goti kwa maji ya moto na chumvi. Goti ambalo haliumi! Nikamwachia alikande, nikiwaza: unanikanda ili nilainike.

Alhamisi ikafika. Asubuhi mjukuu alipokosa kitambaa alilia. Si kilio cha deko, ni kile cha ndani kinachotikisa mabega. "Jiko litajisikia baridi," akasema. Mama yake akavua kilemba chake kichwani, akakitandika juu ya jiko, mtoto akanyamaza. Niliona haya kidogo, nikaifukuza ile haya.

Shemeji alifika saa tisa kamili, tumbo likitangulia. Mdogo wangu alikuwa ameshafika. Tukakaa sebuleni: shemeji kwenye kiti chenye mto, mimi na mdogo wangu kwenye mkeka, mwanangu na mkewe kwenye benchi, mjukuu mlangoni na daftari lake la shule. Mkwe akaleta maji na sinia la viazi vitamu, baridi, na karanga. Shemeji akalitazama sinia, akatazama upande wa jikoni, akavuta hewa puani.

"Hampiki siku ya wageni?"

"Utuwie radhi baba mdogo," mwanangu akasema. "Alhamisi jiko linapumzika."

"Linapumzika limetoka wapi?"

"Mnasikia?" nikadakia. "Mmesikia wenyewe, sijawatungia." Nikasimama, na goti langu la uongo nikalisahau. Nikasema yote. Friji. Beseni. Sabuni ya rangi saba. Pindo za magauni. Sala ya uzi. Mtoto anayesema na jiko. Kisha nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, nikakikunjua mbele ya shemeji, na kidole changu nikakiweka penye kona isiyokuwepo.

"Hili ni shuka la hospitali. Lina mshono wa hospitali na limekatwa muhuri. Mimi nilihesabu shuka maisha yangu yote, mtu asinidanganye. Nauliza mbele ya ukoo: nani ameleta shuka la wizi ndani ya nyumba ya mwanangu, na nani amemletea mwanangu dini ya Alhamisi?"

Nikamgeukia mkwe wangu. Alikuwa anaangalia chini. Nilishinda, nikajiambia, nimeshinda.

Mwanangu akaanza kucheka. Si kicheko cha dharau, angenidharau ningemzaba kofi mbele ya baba yake mdogo. Alicheka kama mtu aliyefurahishwa na mzaha, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mama," akasema. "Mama, si ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Hili ni shuka langu. Nimelilalia mpaka nilipokwenda shule ya bweni, ukanifungia vitabu kwa hilo. Nililitunza. Mtoto wangu alipozaliwa tulimpokelea kwa hili. Uliliunganisha mwenyewe, mimi nimekaa chini ya meza nakushikia ncha, umesahau? Na Alhamisi ni yako, mama. Ulikuwa unalifunika jiko la mkaa kwa aproni yako ya kazini. Unaweka mikono hivi. 'Pumzika, jiko, umetuhudumia, kesho Mungu akipenda.' Halafu tunakula viazi vya jana, unaniambia tumshukuru Mungu kwa kila kitu kimoja kimoja, tukitaja polepole ili tushibe."

Mimi nilikuwa bado nimeshika shuka. Nikautazama mshono, ule wa mashaka, hapa umebana, pale umelegea. Mshono wa mtu anayesikiliza mlango. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelishika langu mikononi nikiwaonyesha watu.

"Nikiwa mdogo," mwanangu akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na shemeji, si na mimi, "niliwaona majirani wanawasha moto Alhamisi, moshi unatoka kila nyumba isipokuwa yetu. Niliwahurumia, baba mdogo. Niliwaza hawa maskini hawajui kwamba jiko linachoka. Hawajafundishwa. Vyote ninavyoamini vimeota hapo. Nikiona maji yanamwagika barabarani kwenye bomba lililopasuka, nainuka kwenye chakula nakwenda kulifunga, kwa sababu ya mama na jiko lake."

Mimi nilikuwa kibarua wakati ule. Vibarua tulilipwa Ijumaa. Mkaa wa wiki ulikuwa unaisha Jumatano usiku hata ungeubania vipi, na mtoto wa miaka sita alikuwa ameniuliza Alhamisi moja, "Mama, kwa nini kwetu hakuna moto?" Nilikuwa nimesimama na aproni yangu. Ningesemaje? Ningemwambia hatuna? Kesho angekwenda kusema shule, na keshokutwa ukoo wote ungejua kwamba mjane ameshindwa. Nikalifunika jiko ili asilione ni tupu. Maneno yalikuja yenyewe. Ilidumu mwaka mmoja na nusu, mpaka nilipopandishwa, na siku ile ile niliponunua gunia zima la mkaa niliufunga mwaka ule na nusu mahali nisipopafikia tena. Shuka lilikuwa la kutupwa, limeshafutwa kwenye hesabu, lakini hata la kutupwa lilikuwa na mwenyewe, na nililitoa getini nimejifunga kiunoni, chini ya gauni. Baadaye nikawa msimamizi mkali kuliko wote. Ndivyo walivyo wasimamizi wakali, nadhani.

"Shemeji," shemeji yangu akaniita. "Ni kweli? Ni wewe uliyeanzisha mambo haya?"

Mwanangu alikuwa ananitazama, mtu mzima mwenye ndevu, kwa macho ya yule wa chini ya meza. Nikisema ukweli, ninamwambia kwamba imani yake yote ni mkaa uliokwisha. Nikikana, nimekana mkono wangu mbele ya mshono wangu.

"Mama amechoka," mkwe wangu akasema, akasimama. "Nimpeleke akanywe maji kidogo." Akanishika kiwiko akanitoa uani, mpaka kwenye pipa la maganda na mchicha wake. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa kichwa wazi, kilemba chake kikiwa bado kwenye jiko. Alininywesha maji, akasubiri.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu ilikuwa Jumatatu, mama."

Nikamtazama.

"Baba alikuwa analeta mkaa Jumanne. Jumatatu hakuna. Tulikuwa watoto watano. Mama yangu hakuwa na maneno, alikuwa anasema 'hakuna, laleni', na sisi tunalala. Mwanao aliponieleza habari ya jiko linalopumzika, kabla hatujaoana, nilijua siku ile ile lilikuwa linapumzika kwa nini. Nikamwonea wivu. Nikasema, huyu mtu aliyelelewa hivi, nitamkubali."

"Miaka tisa unajua?"

"Kumi, na uchumba."

"Hujamwambia?"

"Si la kwangu la kusema, mama. Na Jumatatu zangu nimezihamishia kwenye Alhamisi yenu. Sasa hivi jiko likipumzika, linapumzika kweli. Gesi ipo."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka kumi amekuwa akiangalia chini, na mimi nikadhani anaficha lake kumbe anaficha langu. Wiki nzima ameona mkoba wangu umevimba, na akanikanda goti. Nililia, sitadanganya, nililia kwa kelele kabisa, na yeye akageuka akaanza kung'oa magugu kwenye mchicha mpaka nikamaliza.

"Shuka nililiiba," nikamwambia.

"Nililijua hilo nalo. Kona, mama. Na mimi nafanya kazi hospitali."

Tukacheka, wanawake wawili, mmoja juu ya ndoo. Kisha nikafuta uso kwa kile kitambaa, nikarudi ndani nikiwa nimekishika, na nikakaa mahali pangu kwenye mkeka.

"Tunasubiri jibu," shemeji akasema. Alishaanza kuchungulia saa.

"Ni mimi. Ni mimi niliyeanzisha, na shuka ni langu. Mkwe wangu hana kosa, na ninamwomba radhi mbele yenu."

"Sawa. Lakini sababu? Jiko linapumzikaje, shemeji? Ulikuwa na sababu gani?"

Mwanangu akainama mbele kusikiliza. Mjukuu wangu akaacha daftari. Nikamtazama shemeji yangu usoni, yeye peke yake, yule aliyesema atapita.

"Jiko lilikuwa limechoka, shemeji," nikasema. "Hata wewe ungepita Alhamisi yoyote, ungeliona."

Mdogo wangu akashusha pumzi. Shemeji aliacha kuchungulia saa. Macho yake yalikwenda kwenye shuka lililo mapajani mwangu, yakakaa pale penye kona, yakarudi kwangu, na niliona hesabu ikimwingia taratibu, siku kwa siku. Alinyoosha mkono kwenye sinia, akachukua kiazi kimoja baridi, akakila chote na ganda lake.

Mwanangu alikuwa anatabasamu, ameridhika na jibu. Kama alielewa zaidi ya hapo sijui, na mpaka leo kila nikimwona anatabasamu vile ninamshuku.

Mjukuu akaja akanivuta mkono. Alitaka shuka lake, ili mama yake arudishiwe kilemba. Nikamwambia asubiri kwanza, mshono huu ulishonwa vibaya, na mshonaji nilimfahamu. Nikamwomba mkwe wangu sindano, nikasogea dirishani penye mwanga, na mtoto akakaa chini akanishikia ncha.